Mtani Aliyefungiwa Jukwaani

Anwani ya jukwaa letu la mtandaoni sasa inauzwa. Niliifungua juzi kwa simu nikiwa nimekaa kibarazani kwa Bibi hapa Handeni, nikakuta ukurasa mweupe wenye maneno machache ya kigeni yanayosema jina hilo liko sokoni kwa yeyote anayelitaka. Hakuna mada hata moja. Hakuna jina la mtu yeyote kati ya wale waliokuwa wakibishana humo mchana kutwa. Nikabonyeza tena, nikijua kabisa kwamba kubonyeza tena hakusaidii, kisha nikabonyeza mara nyingine kwa sababu pengine mara ya kwanza nilikosea herufi.

Kilichonirudia kwanza ni harufu. Ninyi wa rika langu mnaijua: vumbi linaloungua taratibu nyuma ya kompyuta nene kama televisheni, wino wa mashine ya kuchapa, na sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji ili joto lipungue. Hiyo ndiyo harufu ya duka la Mjomba pale Korogwe, karibu na stendi, ambako wauza machungwa walikuwa wakipiga kelele nje na ndani watu wakitafuta herufi kwenye kibodi zilizofutika.

Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyenilea nilipokuwa shule ya msingi. Mama alikuwa akifundisha Kwashemshi, kule milimani, na nyumba aliyopewa ilikuwa chumba kimoja. Wazazi wao, yaani Babu na Bibi, waliishi Handeni. Kwa hiyo utoto wangu uligawanyika: siku za shule niko Korogwe, na mwisho wa mwezi au likizo napandishwa basi la Handeni, nakabidhiwa kwa kondakta anayemfahamu Mjomba, natimuliwa vumbi mpaka kwa Babu.

Jioni nilifanyia kazi za shule dukani, kwenye kiti kilichovunjika mgongo, na umeme ulipokatika Mjomba alisogeza kiti chake mlangoni akaanza hadithi za alipokuwa akisoma Dar es Salaam.

"Enzi zetu hakukuwa na haya majukwaa," alisema. "Tulikuwa na vikundi vya habari. Chuoni palikuwa na mashine moja. Usiku inapiga simu kwa mashine nyingine, inapokea furushi la barua, inatoa la kwake, inakata. Na ile nyingine inapigia nyingine. Ukiandika neno lako leo Dar, baada ya siku chache liko Ulaya, liko Marekani, na kila mashine lilikopita limeacha nakala. Sasa nani atalifuta? Hata wewe uliyeliandika huwezi."

"Na mtu akikutukana?"

"Unaiambia mashine yako isikuonyeshe maneno yake tena. Wewe peke yako. Wenzako wanaendelea kumsoma kama kawaida. Kule, binti, kila mtu alijiziba masikio yake mwenyewe."

"Na hili letu?"

"Hili letu liko kwenye wavuti. Lina mahali pake, na lina msimamizi." Akajigonga kifua. "Unamwona hapa."

Sehemu ya kwanza niliisikia vizuri, ya pili ikapita. Msimamizi niliyemjua mimi ni yule wa mtihani, anayetembea kati ya madawati mikono nyuma bila kugusa karatasi ya mtu. Nakala zilizotapakaa duniani ndizo zilizonikaa kichwani. Nilipolala nilizifikiria zikisafiri, na nilifarijika sana, kwa sababu nilikuwa mtoto aliyeogopa vitu kupotea.

Jukwaa lenyewe Mjomba alilianzisha kwa ajili ya watu wa Handeni na Korogwe popote walipo. Watu waliuliza bei ya mahindi, walibishania mpira, waliulizana nani anamkumbuka mwalimu fulani wa Makuyuni aliyekuwa akichapa kwa mkono wa kushoto. Humo ndimo alimopatikana Mzee Maganga.

Babu ujanani alikata mkonge kwenye shamba moja nje ya Korogwe, mstari mmoja na Mnyamwezi aliyetoka Nzega. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, hilo sihitaji kuwaeleza, na hao wawili walitukanana tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kutoka. Shamba lilipofungwa kila mmoja alirudi kwao. Miaka ikapita bila habari. Kisha siku moja binti yake Mzee Maganga, aliyekuwa karani huko Nzega na kompyuta iko mezani kwake, akaandika kwenye jukwaa: "Baba yangu anamtafuta mtumwa wake Mzigua, mwenye meno ya mbele yaliyopishana, aliyemwacha Korogwe. Kama yu hai arudi kazini."

Mjomba alicheka mpaka akainuka kitini. "Huyu ni Baba! Wallahi huyu ni Baba kabisa!" Wateja wote waligeuka.

Tangu hapo mimi nikawa mjumbe. Babu alikuwa mzito wa kusikia na simu kwake ilikuwa kelele tu, lakini ukisimama mbele yake ukapaza sauti pole pole, hakuna neno lililompita. Tena hakutaka kuambiwa faraghani. Alisubiri majirani wakusanyike kibarazani, ndipo aniite. Utani usio na wasikilizaji, alisema, ni sawa na kujitekenya.

"Haya, mke wangu, yule mpagazi kasema nini?"

"Anasema huko Handeni hata mvua ikipita juu inafumba macho."

Babu alicheka akakohoa, akajifuta. "Mwambie mvua siitaki. Namsubiri yeye aje anibebee maji kichwani. Si ndiyo kazi ya ukoo wao?"

Bibi akadakia kutoka jikoni, "Na kuni! Mke mwenzangu, usisahau, mwambie na kuni!"

Nilirudi Korogwe na maneno hayo kinywani, Mjomba akayaandika huku akiyaongezea chumvi, na kabla ya mwisho wa wiki jibu lilikuwa limefika. Watu wa jukwaani waliupenda uzi ule, yaani mlolongo wa majibizano yao, kuliko mada zote. Nao wakaongezeka. Wakaja watu wa Dar, wakaja walioko nje ya nchi, wengine si wa kwetu kabisa ila waliingia kwa kufuata marafiki. Mjomba akaanza kusalimiwa njiani na watu wenye mikoba. Akaandika sheria za jukwaa akazibandika juu kabisa, ya kwanza ikiwa lugha ya staha. Niliziona, sikuzifikiria.

Babu alifariki asubuhi moja baada ya kunywa uji. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Mjomba alitoa tanzia kwenye jukwaa, na siku za mwanzo za matanga zilipokwisha tulirudi Korogwe, yeye dukani na mimi shuleni. Bibi alibaki amekaa mkekani, akipokea pole kwa sauti ambayo sikuijua. Swali lake kwa kila aliyetoka Korogwe lilikuwa moja: Maganga kasikia?

Alikuwa amesikia. Nilitoka shule nikakuta maneno yake yamejaa kioo. Mwanzo wake naukumbuka mpaka leo: "Mmemzika mtumwa wangu bila ruhusa yangu? Nani kawaruhusu, enyi Wazigua msio na haya? Huyo ana jembe langu, kafa makusudi ili asilirudishe." Na mwisho pia naukumbuka: "Nakuja kumfukua. Niambieni tu arobaini ni siku gani nipande basi, na mjane asianue matanga mpaka nifike. Baba ameacha kula, mimi binti yake naandika huku nalia." Katikati palikuwa na mengi, mambo ya shambani, ya ujana wao, ya siku walipoibiwa nguo wakioga mtoni. Hayo yamepotea. Sikuyakariri. Kwa nini nikariri kitu ambacho kila mashine duniani imekwisha kukiwekea nakala?

Chini yake mtu nisiyemjua alikuwa ameandika, "Hivi msimamizi yupo humu? Marehemu anatukanwa namna hii?" Na mwingine: "Ushamba." Niliwaonea huruma kwa kutojua.

Jumamosi nilipanda basi la Handeni. Nilipomwambia Bibi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akajipiga paja.

"Maganga anakuja! Nilijua! Namba yao ya simu hatuna, kwa hiyo Mjomba wako amjibu upesi humo humo siku yenyewe. Na wewe nenda kaniletee maneno yote, neno kwa neno, uyasome hapa mbele ya hawa waliokuja kunililia kama kuku wenye kideri."

Karibu na soko palikuwa na duka jingine la kompyuta, la dada mmoja aitwaye Mwajabu, mpole, mwenye hina vidoleni. Alinifungulia jukwaa. Uzi ulikuwepo, lakini mahali pa Mzee Maganga palikuwa na mstari mwekundu: "Ujumbe huu umeondolewa na msimamizi. Mwandishi wake amefungiwa."

"Kapigwa ban huyo," Dada Mwajabu akasema. "Katukana?"

"Hiyo iliyofutwa ni ya Korogwe," nikamwambia. "Mimi naomba nakala yenu."

"Nakala yetu ipi?"

"Ya mashine hii. Kila mashine inabaki na yake."

Hakunicheka, na kwa hilo nitamshukuru siku zote. Alivuta kiti akakaa karibu nami. "Nani kakwambia hivyo? Hapana, mdogo wangu. Jukwaa ni moja tu, liko sehemu moja. Hii mashine inachungulia dirishani. Aliye ndani akizima taa, sisi wote huku nje tunaona giza."

"Na aliyefungiwa?"

"Huyo hata dirishani hafiki. Haandiki, hasomi, ukimtumia ujumbe haupati."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na maelezo yangu tayari. Msimamizi alikuwa Mjomba, na Mjomba hawezi kufanya hivyo, kwa hiyo mtu ameiba neno lake la siri. Nilimhurumia. Kesho yake alipofika na gari la mizigo kuleta mchele, nilimkimbilia kabla hajashuka sawasawa.

"Mjomba, kuna mtu kaingia kwa jina lako! Kafuta maneno ya Mzee Maganga!"

Alinishika bega akanipeleka pembeni ya ghala. "Hakuna mtu aliyeingia."

"Sasa nani kafuta?"

"Punguza sauti. Watu wanasoma, mwanangu. Watu wazima, wenye nafasi zao. Wanakuta baba yangu mzazi anaitwa mtumwa, anaitwa mwizi wa jembe, na bado udongo haujakauka. Wataniona mimi mtu wa namna gani?"

"Lakini ni mtani wake."

"Wao hawajui utani."

"Basi waambie!"

"Utaelewa ukikua."

"Na siku ya arobaini ataijuaje?"

"Nitamwandikia."

"Lakini amefungi..."

"Nimesema nitamwandikia. Chukua hii ndoo."

Tukaingia ndani. Bibi, kabla hata ya kuitikia shikamoo, akamwuliza, "Umemjibu Maganga?"

"Nimeshamjibu, Mama."

Nilisimama na ndoo mkononi. Mimi alikuwa ameniambia atafanya, kisha akamwambia Bibi amefanya, na kati ya mlango wa ghala na mkeka wa Bibi hapakuwa na kompyuta. Nikajiambia kwamba wakubwa wana njia zao. Yeye ndiye aliyefunga, basi yeye atafungua; pengine amekwisha kufungua tangu asubuhi. Niliporudi Korogwe nililichungulia jina la Mzee Maganga kila jioni. Lilibaki limepigwa mstari katikati.

Siku ya arobaini ilisomwa khitma, pilau likaiva, watu wakajaa mpaka nje ya uzio. Bibi alikuwa ametenga kichwa cha mbuzi akakifunika kwa kawa, fungu la mtani. Mkeka wa Maganga aliutandika mwenyewe mlangoni kabisa, mahali ambapo kila anayeingia angelazimika kuuruka, ili akifika aanze vurugu zake hapo hapo: azuie watu, afiche masufuria, adai fidia ya jembe. Kila bodaboda iliposimama barabarani, Bibi aliinua shingo.

"Mabasi ya Nzega yanachelewa," alimwambia jirani.

Watu walikula. Watu walinawa. Wengine wakaanza kuaga. Ndipo Bibi akamwita mwanawe mbele ya wote.

"Ulimwambia siku yenyewe?"

"Nilimwambia, Mama. Akakaa kimya." Mjomba alikuwa amevaa kanzu mpya. "Watu wa mbali hao. Msiba ukipita wanasahau."

Nilijisikia nikisema kabla sijaamua kusema. "Mjomba, lakini Mzee Maganga amefungiwa. Hawezi kusoma ulichomwandikia."

Mjomba akacheka, kicheko kizuri, kile kile alichokuwa akikitoa akisoma maneno ya Maganga, akaniwekea mkono kichwani. "Mnamsikia huyu? Anashinda na kompyuta mpaka zimemchanganya. Mwajabu mwenyewe kaniambia alikwenda kwake kudai kila mashine impe nakala yake!"

Watu wakacheka. Na mimi, niliyesimama chini ya mkono ule, nilihisi uso ukiwaka, kwa sababu lile la nakala lilikuwa kweli. Nilikuwa nimekosea. Hadithi ya nakala alinipa yeye, na sasa alikuwa akinivua nguo nayo. Kama nilikosea hilo, nani atajua kwamba hili jingine sikukosea?

Bibi alinitazama, akamtazama yeye. Mtoto wa shule ya msingi, na mwanawe aliyesoma Dar.

"Maganga kanitupa," akasema.

Aliinama akaukunja ule mkeka mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Kichwa cha mbuzi akawapa vijana waliochinja.

Tangu siku hiyo jina la Maganga likawa laana ndani ya nyumba. Maziwa yakichacha, "yameoza kama Maganga". Fundi akila malipo asirudi, "Maganga huyo". Mtu akiahidi kitu Bibi alimwambia, "Usinifanyie Umaganga." Miaka yote hiyo. Mimi nilijaribu mara moja, nikiwa sekondari, kumweleza upya, akanikatisha kwa upole wa kutisha: "Mjomba wako alishasema." Nami sikuwa na cha kumwonyesha. Mstari mwekundu nao ulikuwa umeondoka, kwa sababu Mjomba alikuwa ameufuta uzi wote. Kuna nyakati nilijiuliza kama niliuona kweli, au ni kitu nilichokiota kwa joto la lile duka. Nimesoma mpaka chuo kikuu nikiwa mtu anayerudi mlangoni kuhakikisha amefunga, na najua tabia hiyo niliipata siku gani na chini ya mkono wa nani.

Sasa natafuta kazi. Kabla ya kutuma maombi hujitafuta mwenyewe mtandaoni, nione mwajiri ataona nini, kisha nawatafuta ndugu zangu nisije nikaaibishwa na ukoo. Ndivyo nilivyoandika jina kamili la Mjomba wiki iliyopita. Kwenye jukwaa hatukuwa na majina kamili. Kila mtu alijiita anavyotaka. Lakini kwenye vikundi vya habari vya zamani watu waliandika kwa majina yao halisi na vyuo vyao, na mtu fulani, mahali fulani, alizikusanya nakala zilizobaki kwenye mashine akazihifadhi. Mjomba wangu yumo. Kijana wa chuo, Kiingereza cha shule, sentensi ndefu zenye kujiamini.

Mtu wa nchi nyingine alikuwa ameuliza kikundini kama ni kweli kwetu watu hutukanana msibani, na kama hakuna mwenye kukomesha jambo hilo la aibu. Mjomba akamjibu. Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Kwa siku kadhaa sikumwambia mtu. Nilifikiria kumpigia simu Mjomba. Niliandika ujumbe nikaufuta, nikauandika kwa staha zaidi, nikaufuta. Nikafikiria kwamba Bibi ni mzee, kwamba jambo limepoa, kwamba Mjomba ndiye aliyenilipia ada. Halafu juzi nikafungua anwani ya jukwaa nikakuta inauzwa, na Bibi akiwa pembeni anapukuchua mbaazi akasema mvua ya mwaka huu nayo ni Maganga.

"Bibi," nikasema, "kuna kitu nataka kukusomea."

Nilitafsiri nikisoma, pole pole. "Ni kweli, na msituonee huruma. Baba yangu ana mtani, Mnyamwezi waliyekata naye mkonge. Siku baba yangu akifa, mtu huyo atakuja kumtukana mbele ya watu, na sisi wanawe tutasimama kumsikiliza. Hakuna atakayemnyamazisha. Asipokuja yeye, tutakuwa tumemzika baba yetu kama mtu asiyejulikana."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Rudia hapo mwisho."

Nikarudia.

"Nani kaandika hayo?"

"Mjomba. Alipokuwa chuo."

Kisha nikamweleza lile jingine, safari hii bila mtu wa kuniwekea mkono kichwani: mstari mwekundu, ghala, kufungiwa, Maganga kule Nzega akiuliza siku na mlango umekwisha kufungwa. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliokota mbaazi iliyoangukia kwenye kanga yake, akaigeuza geuza, akaiweka pamoja na nyingine.

"Maganga nimemtukana miaka yote hii," akasema. "Huyo si neno. Ni mtani, nilikuwa na haki naye." Akausukuma ungo mbali na magoti yake. "Lakini huyu nimemzaa. Huyu nitamtukana kwa haki gani?"